Simu yako na mlipuko wa magonjwa mjini: taarifa unazotoa zinakwenda wapi?

Mlipuko wa kipindupindu, Marburg au UVIKO-19 unapotangazwa, simu za mjini huanza kulia. Unapata ujumbe kutoka Wizara ya Afya, sauti ndefu kwenye grupu la mtaa, kisha namba usiyoijua inakuuliza mtoto wako jana alilala wapi. Mhudumu wa afya anabisha hodi akiwa na kishikwambi badala ya daftari. Akina mama huniuliza maswali yale yale kila mara. Taarifa hizi anapelekewa nani? Nikisema ukweli nitafungiwa ndani? Na mimi ambaye sina simu, je?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii jijini Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza jinsi majiji yanavyotumia simu, ramani na kompyuta kudhibiti magonjwa ya mlipuko, na nafasi yako wewe mama, bibi, dada au mlezi yeyote katika kazi hiyo. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mashine hizi hazijui chochote ambacho mtu hajakisema.

Jiji linajuaje kwamba kuna mlipuko?

Habari huanzia zahanati. Mtoto akiletwa anaharisha choo kinachofanana na maji ya mchele, sisubiri majibu ya maabara ndipo nitoe taarifa. Kipindupindu, Ebola na Marburg ni magonjwa ya kutolewa taarifa ndani ya saa 24, hata akiwa ni mgonjwa mmoja tu na bado anahisiwa. Zamani tulijaza fomu ya karatasi, nayo ikakaa mezani ikisubiri mtu wa kwenda wilayani. Siku hizi vituo vya Tanzania hutumia mfumo wa kielektroniki wa ufuatiliaji wa magonjwa, na hauhitaji simu janja. Hata kitochi kinatosha: unapiga namba yenye nyota na reli, unachagua ugonjwa, unaweka idadi na umri, unatuma. Wakubwa wa afya wa halmashauri, mkoa na wizara wanaiona taarifa hiyo siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ni wewe. Namba 199 ya kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni ya bure, haili vocha yako. Watu wawili au watatu wa mtaa mmoja wakipiga siku moja kueleza dalili zinazofanana, hiyo peke yake ni kengele, hata kama hakuna mgonjwa aliyefika kituoni bado.

Njia ya tatu ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Zanzibar imekwenda mbali zaidi katika hili: mpango wake wa Jamii ni Afya, ulioanza mwaka 2019, umewapa wahudumu wa jamii simu zenye programu inayowaongoza swali kwa swali wanapotembelea wajawazito na watoto wadogo, na taarifa zao zinaingia moja kwa moja kwenye mfumo wa serikali. Kwa hiyo ukiona mhudumu anabonyeza simu huku anaongea nawe, usidhani anachati. Anajaza anachokisikia.

Nukta kwenye ramani

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Wengi wetu tunaishi kwenye mitaa iliyojengwa bila mpango, ambako anwani yako ni "nyuma ya msikiti, uliza kwa mama Asha, mlango wa bluu". Kwa jirani hayo ni maelezo kamili. Kwa timu ya afya inayotoka upande mwingine wa jiji na gari lenye klorini, ni kitendawili.

Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulikuwa na maana kubwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe walitembea wakichora nyumba, vichochoro, mitaro na vyoo, huku ndege ndogo zisizo na rubani zikipiga picha kutoka juu. Lengo la kwanza lilikuwa mafuriko. Lakini mama yeyote wa bondeni anajua kwamba mafuriko na kipindupindu ni ndugu: maji yakipanda, vyoo vinafurika, na visima vinapokea yote. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, na kabla ya mwisho wa mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamepita 20,000 nchini. Baadaye, mwaka 2022, likaja zoezi la anwani za makazi, lile lililoleta vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba. Wengi walilichukulia kama jambo la posta au la kodi. Kwetu sisi wa afya, namba iliyoko mlangoni kwako ni njia ya kukufikia usiku.

Ramani inafanya kazi hivi. Kila mgonjwa anawekewa nukta mahali anapoishi. Nukta zikitawanyika jiji zima, tunatafuta kitu ambacho wote wamekutana nacho, labda chakula cha msibani au harusini. Zikisongamana kuzunguka kisima kimoja au bomba moja, tunachukua sampuli ya maji hapo, tunatia klorini, na tunapita nyumba za karibu kwanza. Bila ramani tungegawa dawa ya maji kidogo kidogo kila mahali, na isingetosha popote.

Lakini ramani hudanganyika. Miaka michache iliyopita tulikuwa na watoto wa kuharisha waliotoka, kwa mujibu wa orodha yetu, mtaa mmoja. Timu ikaenda huko, ikapima maji, ikagawa vidonge vya klorini. Maji yalikuwa salama. Siku mbili baadaye akaletwa mtoto mwingine, hali yake mbaya, kutoka mtaa wa mbali kabisa na ule. Nilipokaa na mama yake na kuuliza taratibu, nikagundua anafahamiana na wale wengine: wote walikuwa majirani huko huko. Wale akina mama wa kwanza walitaja nyumba ya bibi, kwa kuwa kadi ya kliniki ya mtoto ilifunguliwa huko, na wakaona wasichanganye mambo. Nukta zetu zote zilikuwa zimekaa nyumbani kwa bibi. Kisima chenye shida kiliendelea kutumika siku zote hizo.

Siwalaumu. Fomu yetu iliuliza "anwani". Haikuuliza mtoto amelala wapi wiki hii wala amekunywa maji ya wapi. Tangu hapo mimi nauliza hayo mawili hata kama hayako kwenye skrini, kisha natafuta sehemu ya maelezo nayaandika. Nawe ukiulizwa "unaishi wapi", jibu kwa nyumba ambayo mtoto amelala siku hizi, si ile iliyoandikwa kwenye kadi, kitambulisho au mkataba wa pango. Kama mtoto analala kwako lakini anashinda kwa mama mwingine unapokwenda kazini, taja nyumba zote mbili.

Kwa nini wanapiga kila siku kwa siku 21?

Ebola na Marburg huchukua kati ya siku 2 na 21 tangu mtu aambukizwe hadi dalili zionekane. Aliyemgusa mgonjwa huenda yuko mzima kabisa leo na akaugua wiki ijayo. Kwa hiyo hafungiwi hospitalini. Anaandikwa, na anaulizwa hali yake na kupimwa joto kila siku mpaka siku 21 ziishe. Tanzania tumelipitia hili mkoani Kagera, kwenye milipuko ya Marburg ya mwaka 2023 na 2025.

Mfano ninaoupenda ni wa Lagos, Nigeria. Tarehe 20 Julai 2014 msafiri kutoka Liberia alishuka uwanja wa ndege wa Lagos akiwa mgonjwa wa Ebola. Lagos ni mojawapo ya majiji makubwa kuliko yote Afrika, lenye masoko, daladala za kubanana na nyumba za kupanga chumba kimoja kimoja, kama tulivyo sisi. Dunia nzima ilishika pumzi. Dokta Ameyo Stella Adadevoh na wenzake walikataa kumruhusu mgonjwa yule atoke hospitalini. Dokta huyo aliambukizwa na kufariki tarehe 19 Agosti. Serikali ilianzisha kituo kimoja cha kuongoza mapambano, ikichukua wataalamu na mbinu zilizokuwa tayari kwenye kampeni ya polio.

Mwanzoni wafuatiliaji walijaza karatasi na kuzirudisha jioni. Halafu wakapewa simu zenye fomu ndani yake. Mfuatiliaji anapima joto mlangoni, anaingiza, na mtu aliye kituoni anaona saa ile ile nani ana homa na nani hajatembelewa leo. Watu 894 waliandikwa kuwa walikutana na wagonjwa, na wafuatiliaji walifanya ziara za ana kwa ana zipatazo 18,500. Zidisha 894 kwa siku 21 uone: karibu kila mtu alitembelewa karibu kila siku. Zaidi ya hapo, kaya zipatazo 26,000 zilizo jirani na watu hao zilipitiwa nyumba kwa nyumba na kupewa elimu. Nigeria nzima iliishia na wagonjwa 20, wakafa 8, na tarehe 20 Oktoba ikatangazwa kuwa huru.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba simu ndizo zilizoshinda. Mimi ninayetembea kwa miguu naisoma tofauti. Simu ziliharakisha, lakini milango 18,500 ilifunguliwa na watu, na mara nyingi anayefungua mlango ni mama. Pale ambapo mtu mmoja alitoweka, ugonjwa ulihama naye: mmoja wa waliokutana na yule msafiri aliondoka Lagos bila kuaga, akapanda ndege hadi Port Harcourt na kutibiwa kwa siri. Daktari aliyemtibu aliugua na kufariki mwezi Agosti, na jiji la pili likalazimika kuanza upya kazi ile ile ya kuhesabu na kutembelea mamia ya watu.

Kwa hiyo ukiandikwa kwenye orodha ya ufuatiliaji, pokea simu hata kama jana ulisema uko mzima. Ukilazimika kusafiri kwa msiba au dharura, mwambie mfuatiliaji kwanza, naye ataeleza linalowezekana. Siku 21 zikiisha bila dalili, uliza waziwazi: "Nimetolewa kwenye orodha?" Jirani wanaokuepuka wanahitaji kusikia hivyo kutoka kwa mhudumu, si kutoka kwako peke yako.

Hofu ya kusema ukweli

Hofu hii haina ujinga ndani yake, na majiji yenye teknolojia kubwa kuliko yetu yamejifunza hivyo kwa gharama.

Korea Kusini ilipigwa na ugonjwa wa MERS mwaka 2015: watu 186 waliugua na 38 wakafa. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa ili wakati wa mlipuko serikali iweze kutumia taarifa za simu na kadi za benki kujua mgonjwa alipita wapi. UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020, mamlaka zilichapisha njia za wagonjwa kwa undani: hoteli gani, saa ngapi. Majina hayakutajwa, lakini watu walibahatisha, wakadhihaki, wakasema nani alikuwa na nani. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilitoa onyo mwezi Machi, na maelezo hayo yakapunguzwa.

Mwezi Mei ukaja mlipuko kwenye klabu za usiku za Itaewon, jijini Seoul. Kwa kutumia minara ya simu, jiji lilipata orodha ya watu zaidi ya 10,000 waliokuwa maeneo hayo na kuwataka wapime. Wengi hawakujitokeza. Baadhi ya klabu hizo zilijulikana kuwa za kundi linalonyanyapaliwa nchini humo, na kujitokeza kulimaanisha kujulikana na mwajiri na familia. Seoul ikafanya jambo la busara: ikaruhusu kupima bila kutaja jina, namba ya simu tu. Ndani ya siku chache idadi ya waliopima kwa siku ikaongezeka mara kadhaa. Minara ya simu ilijua watu hao walikuwa wapi, ila kuwafanya waje kupima kulihitaji ahadi kwamba hawataaibishwa.

Singapore nayo ilitengeneza programu iliyokumbuka simu zipi zimekaribiana, na kwa wazee na wasio na simu janja ikagawa kifaa kidogo cha kubeba mfukoni. Hilo la kifaa natamani kila jiji liliige. Wananchi waliahidiwa kwamba taarifa ni za kufuatilia UVIKO-19 tu. Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi pia wanaweza kuzipata kwa upelelezi wa jinai. Watu walikasirika, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kubana matumizi hayo yabaki kwa makosa mazito tu. Ahadi ilipaswa kuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Hapa kwetu naomba niseme nilichokiona mwenyewe. Siri nyingi za wagonjwa nilizoshuhudia zikivuja hazikutoka kwenye kompyuta ya serikali. Zilitoka kwenye magrupu. Ndugu anapiga picha ya mtoto akiwa na dripu, anaituma kwa nia njema kuomba dua, na kufikia magharibi mtaa mzima una picha ile, pamoja na mwenye nyumba. Usipige picha ndani ya kituo cha matibabu, na usisambaze picha wala jina la mgonjwa hata ukitumiwa na mtu unayemwamini. Mhudumu wa afya naye akitaja mgonjwa mwingine kwa jina mbele yako, mkatishe. Anakosea.

Simu ni ya nani?

Hapa ndipo mifumo mizuri inapokwama. Simu nyingi za nyumbani zina mtu zaidi ya mmoja, na laini nyingi za akina mama hazina majina yao. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, asiye na kitambulisho ameazima cha mume, kaka au shemeji. Mlipuko ukitokea, kompyuta inaona jina la shemeji. Nimewahi kupiga namba iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya mtoto aliyekuwa na majibu ya maabara ya kutisha, akapokea kijana yuko Mbeya. Kanunua simu ikiwa na laini ndani. Tulimpata yule mama jioni ya siku ya pili, kwa msaada wa mjumbe na mama ntilie mmoja anayejua watoto wote wa kichochoro kile.

Kila unapokwenda kliniki, muulize muuguzi asome namba ya simu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mtoto wako, na ibadilishwe kama si yako tena. Toa na namba ya pili ya mtu anayejua ulipo: jirani, dada, mwenye duka. Mjulishe mtu huyo kwamba umemtaja, lakini hulazimiki kumweleza sababu. Kama simu inashikwa na mume na hupendi apokee habari zako za afya, sema hivyo. Tunaweza kuandika "asipigiwe, afuatwe". Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Asiye na simu kabisa asibaki nje ya hesabu. Jiandikishe kwa mjumbe na kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako, na mfahamu sura. Kwa binti wa kazi, mpangaji mpya au mgeni aliyetoka mkoa juzi, wewe mwenye nyumba ndiye unayejua kwamba yupo. Mtaje anapohesabiwa watu wa nyumba. Watoto wanaolelewa na bibi husahaulika sana, kwa kuwa mama yao mwenye simu yuko mji mwingine na kwa kompyuta mtoto anaonekana yuko naye.

Kuhusu chanjo, mfumo wa kielektroniki wa chanjo ulioanzia mkoani Arusha humwezesha muuguzi kuona mtoto gani amepitisha tarehe. Surua ikizuka mtaani, orodha hiyo ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Ukihamia mtaa mwingine, usifungue kadi mpya kimya kimya. Nenda na kadi ya zamani ili mtoto asihesabiwe mara mbili, au akaonekana hajachanjwa kumbe tayari. Na kadi ya karatasi itunze hivyo hivyo. Umeme ukikatika, ndiyo tunayosoma.

Maswali halali na maswali ya matapeli

Mfuatiliaji wa kweli atauliza jina, umri, unapoishi, dalili na tarehe zilipoanza, ulikula na kulala na nani, maji ya wapi, ulihudhuria msiba au sherehe gani, na namba ya kukupata.

Hatauliza namba yako ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au benki. Hatataka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi. Hatadai malipo ili upimwe, ufutwe kwenye orodha, au upate "fedha za waathirika". Mlipuko ni msimu wa mavuno kwa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", wanabadilisha maneno tu. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, utume kwenda 15040 kisha uufute. Kama huna hakika na aliyepiga, kata simu bila aibu na upige 199, au uliza zahanati na ofisi ya serikali ya mtaa kama wanamfahamu. Aliyebisha hodi aonyeshe kitambulisho, na inafaa awe ameongozana na mjumbe au mhudumu wa mtaa. Muuguzi wa kweli hachukii kuulizwa.

Sheria inasema nini

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019. Taarifa za afya huhesabiwa kuwa nyeti. Una haki ya kuambiwa zinachukuliwa kwa kazi gani, kuomba kuziona na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa, na kulalamika kwa Tume zikitumiwa vibaya. Lakini usichanganye: kituo cha afya hakihitaji ruhusa yako kutoa taarifa ya ugonjwa wa mlipuko. Huo ni wajibu chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Unachoweza kudai ni kwamba taarifa hiyo iishie kwa wanaohusika.

Usisubiri ujumbe

Ujumbe wa simu hufika baada ya wagonjwa kadhaa kuhesabiwa. Mtoto wako anaweza kuwa wa kwanza. Mtoto mdogo anayeharisha maji mengi anaweza kukaukiwa ndani ya saa chache, hata kama hujasikia tangazo lolote.

Anza ORS hapo hapo nyumbani: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, kwa kijiko, kidogo kidogo, hata akitapika, subiri dakika kumi uendelee. Kama huna pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kilima. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki atapewa kituoni, na inaendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, akikaa muda mrefu bila kukojoa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mpeleke kituoni sasa, huku ukimnywesha njiani.

Ukipiga 199 au ukifika mapokezi, sema kwanza umri wa mtoto, alianza lini, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, jana alilala nyumba ipi, na mnachota maji wapi. Hilo la maji watu hulisahau, hivyo litaje hata usipoulizwa.